Sura ya Sita: Ndovu Hawamngojei Mgeni

Mgeni anaposhuka steji ya Kitale kwa mara ya kwanza, swali lake huwa lile lile: hapa kuna nini cha kuona? Anayeulizwa, awe mwendesha bodaboda au mama anayechoma mahindi kando ya barabara, hutulia kidogo kama mtu aliyeulizwa jambo la nyumbani kwake ambalo hajawahi kulifikiria. Kisha hujibu, "Mahindi." Nimelisikia jibu hilo mara tatu kwa siku moja, na mara zote tatu mgeni alicheka. Alikosea kucheka.

Mahindi ya Kitale yana ukoo. Reli kutoka Eldoret ilifika hapa mwaka 1926, na masetla waliokuwa wamejigawia ardhi ya Trans Nzoia wakapata njia ya kusafirisha mavuno yao. Mwaka 1956 kampuni ya Kenya Seed ilianzishwa mjini humu, mwanzoni kwa ajili ya mbegu za nyasi za malisho. Watafiti wa kilimo wa hapa hapa nao walichukua mahindi yaliyozoea baridi ya Kitale, wakayaita Kitale Synthetic II, wakayachanganya na mahindi mengine yaliyotoka milima ya Andes, yaitwayo Ecuador 573. Mwaka 1964 ndipo ilipotoka mbegu chotara H611. Ndugu zake waliofuata bado wamo katika maduka ya pembejeo kote nyanda za juu za Kenya, na mkulima akifika kaunta haulizi kampuni; anataja namba tu, "Nipe 614," na muuzaji ameelewa. Kwa hiyo ukipita kando ya shamba la mahindi nje ya Kitale mwezi wa saba, wakati mabua yamempita mtu kimo na upepo wa Cherang'ani unayasukuma upande mmoja, unatazama kitu kilichobadilisha sufuria ya nchi nzima. Hakuna kibao wala tiketi ya kuingilia.

Nimeanza na mahindi kwa sababu yanaonyesha jinsi pande hizi zilivyo. Mombasa ina Ngome ya Yesu na Nairobi ina mbuga iliyopakana na majumba marefu. Kitale na Bungoma hazikujipamba kumsubiri mtu. Kila penye jambo la kuona pana shughuli yake inayoendelea, na mgeni anayefika hukuta watu, wanyama au maji yakiwa kazini. Akilijua hilo mapema, atapanga siku yake vizuri zaidi.

Hata makavazi ya Kitale yalianza kama shughuli ya mtu mmoja. Luteni Kanali Hugh Stoneham, Mwingereza aliyelima pande hizi, alikuwa na mapenzi makubwa na vipepeo. Alikusanya wadudu, ndege, vitabu na vifaa vya wenyeji, na mwaka ule ule wa reli, 1926, akaanzisha makavazi yake mwenyewe. Wenzake walipokuwa wakihesabu magunia, yeye alikuwa akipiga vipepeo pini. Alipofariki mwaka 1966 aliiachia nchi mali hiyo yote, na Desemba 1974 jengo jipya likafunguliwa, likiwa makavazi ya kwanza kuendelezwa na serikali nje ya Nairobi na pwani.

Nitasema wazi: ukumbi wa vipepeo mimi huupita haraka. Wadudu waliokauka ndani ya kioo hawanipi usingizi wala hawaninyimi. Utamu uko nyuma, kwenye njia ya miguu inayoshuka katika kipande cha msitu wa asili kilichobaki kando ya kijito, ambako nyani hawana habari na mpangilio wa maonyesho. Kuna pia nyumba zilizojengwa kwa mitindo ya jamii mbalimbali za magharibi, na mamba na nyoka ambao ndio hasa wanafunzi wa shule za msingi huja kuwatazama, wakipiga mayowe hata kabla hawajawaona. Jirani kuna kituo cha kilimo mseto chenye jina la Olof Palme, waziri mkuu wa Sweden aliyeuawa mwaka 1986. Mwenye shamba dogo anaweza kutoka hapo na maarifa ya kupanda miti kati ya mimea ya chakula, jambo litakalomfaa kuliko picha kumi za mamba.

Sasa twende Saiwa.

Mbuga ya Kitaifa ya Saiwa ndiyo ndogo kuliko zote nchini Kenya: haifiki kilomita tatu za mraba. Iko njia ya Kapenguria, unachepuka upande wa Kipsaina. Ilitengwa mwaka 1974 kwa ajili ya mnyama mmoja, nzohe, swala wa kinamasi ambaye wengi humjua kwa jina la sitatunga. Magari hayaingii. Unaacha lako langoni, unatembea kwa miguu, unavuka matope juu ya madaraja ya mbao, unapanda jukwaa lililojengwa juu ya miti, unakaa kimya. Basi. Anayetaka kufukuza wanyama kwa gari aende Maasai Mara.

Nzohe ana kwato ndefu zilizotanuka, na anapokanyaga matope hupanuka zaidi ili asizame. Hatari ikimkaribia hakimbilii nchi kavu kama swala wengine. Huingia majini, huzama, akaacha pua tu juu. Unaweza kuketi mita ishirini kutoka kwake na usijue kwamba jani lile linalotikisika ni mdomo wa mnyama.

Niliwahi kumpeleka huko shemeji yangu kutoka mjini, mtu wa haraka, anayetaka kila kitu kianze saa ileile aliyoandikiwa. Tulifika saa tano asubuhi. Tukakaa jukwaani saa mbili. Tulichokiona ni mafunjo, mafunjo, na tena mafunjo. Akanigeukia, "Shemeji, huyu mnyama wenu ana ofisi?" Nilikosea mimi. Nzohe hutoka kula alfajiri na jioni, jua likiwa halijapanda au likianza kulala. Mchana hujilaza katikati ya mafunjo. Kesho yake tulirudi kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukungu bado umekaa juu ya maji, na jike likatoka na mtoto wake, likala taratibu kana kwamba sisi ni miti. Shemeji hakusema neno mpaka tulipofika langoni, na kwa anayemjua, hilo lenyewe ni la ajabu kuliko nzohe.

Subira hiyo huleta mengine. Katika miti ya ukingoni mna tumbili wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe kama mzee wa baraza na paji la rangi ya chungwa, ambaye ni adimu mno katika Kenya. Mna korongo taji wanaotaga kwenye vinamasi kama hivi. Hao wanategemea majirani kuliko wanavyotegemea askari wa mbuga, kwani maji ya Saiwa hutoka mashambani kabla ya kuingia ndani. Mkulima wa juu akilima hadi ukingoni mwa kijito, udongo huteremka, kinamasi hukauka polepole, na nzohe hana pa kwenda. Mbuga hii imezungukwa na mahindi na ng'ombe wa maziwa pande zote.

Kapenguria yenyewe haiko mbali mbele kwenye barabara hiyo hiyo, na ukiwa na nusu siku fika uone vyumba walimofungwa Jomo Kenyatta, Bildad Kaggia, Kung'u Karumba, Fred Kubai, Paul Ngei na Achieng' Oneko. Kesi yao ilianza mwishoni mwa 1952 na kumalizika Aprili 1953. Serikali ya kikoloni ilichagua mahali hapo kwa kuwa palikuwa mbali na kila kitu, na mawakili wa utetezi walilazimika kulala Kitale na kusafiri kila asubuhi. Ninapenda kuwakumbusha watu wa Kitale jambo hilo, kwa kuwa wao hudhani historia ilipita mbali nao.

Upande wa pili wa mji, baada ya Endebess, unaingia Mlima Elgon kupitia lango la Chorlim. Wabukusu huuita Masaba. Kilele chake cha juu, Wagagai, kiko Uganda na kina urefu wa mita 4,321. Wa Kenya hupanda Koitobos, mita 4,222, na hawajioni kuwa wamepungukiwa. Upande wa Kenya ulifanywa mbuga ya kitaifa mwaka 1968. Mimi si mtu wa vilele. Kinachonivuta ni mapango.

Makubwa yanayojulikana ni Kitum, Makingeny, Chepnyalil na Ngwarisha. Kitum linaingia ndani ya mlima kiasi cha mita 200, na ndilo lililopata jina duniani kwa sababu ya ndovu. Mvua za mlimani huosha chumvi kutoka kwenye udongo, nyasi na majani yanakosa ladha, na mnyama mkubwa kama ndovu hawezi kuishi bila chumvi. Mwamba wa ndani ya pango unayo. Basi usiku ndovu huja kwa mstari, mama mbele na watoto nyuma, huingia katika giza totoro wakipapasa njia kwa mkonga, hufika kwenye ukuta wa ndani na kuuchimba kwa pembe. Vipande vikianguka huviokota, huvisaga kwa magego, humeza. Ukimulika kuta kwa tochi utaona mikwaruzo ya pembe kote, ya zamani juu ya ya zamani zaidi. Wapo wataalamu wanaoamini kuwa pango lenyewe limepanuliwa na kazi hiyo ya vizazi na vizazi.

Binadamu pia alifanya makao humo. Wasabaot waliishi katika mapango ya Elgon pamoja na mifugo yao, wakajikinga na baridi na maadui, na Mskoti Joseph Thomson alipopita mwaka 1883 alistaajabu kukuta watu wamejenga ndani ya mlima. Jina lenyewe la Elgon limetokana na la El Kony, mojawapo ya jamii zao.

Ndovu wamepungua. Ujangili wa miaka ya 1980 uliwapiga vibaya, na mgeni atakayefika leo atahitaji bahati sana kuwaona wakiingia pangoni. Ataiona kazi yao tu.

Lipo jambo lingine la Kitum ambalo vipeperushi vya utalii hulikwepa, nami sioni sababu ya kulificha. Mwaka 1980 Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari cha Nzoia, karibu na Bungoma, aliugua baada ya kutembelea pango hili, akafariki Nairobi. Alikuwa na virusi vya Marburg, na daktari aliyemtibu akaambukizwa lakini akapona. Mwaka 1987 kijana wa Kidenmarki wa miaka 15 aliyeingia Kitum alikufa kwa ugonjwa huo huo. Watafiti walikuja na mavazi ya kujikinga, wakapima wanyama na wadudu, wakatoka mikono mitupu. Baadaye popo wa matunda wanaoishi mapangoni ndio walioonekana kuwa wabebaji. Mwandishi Richard Preston aliieneza habari hiyo duniani katika kitabu chake cha mwaka 1994, na tangu hapo kuna wageni wanaokuja Kitale kwa ajili ya kirusi badala ya ndovu. Ushauri wangu ni mfupi. Ingia na askari wa mbuga, funika pua na mdomo, usishike ukuta wala kinyesi cha popo, usikae humo muda mrefu. Wenye hofu watazame mlangoni, ambako maporomoko madogo ya maji hushuka mbele ya pango. Mandhari yake inatosha.

Kutoka Kitale kwenda Bungoma matatu hushika njia ya Kiminini, Kamukuywa na Misikhu hadi Webuye. Wasio na haraka hupitia Kimilili na Chwele, na ikiwa ni siku ya soko Chwele, shuka. Nyanya, vitunguu, ndizi, kuku waliofungwa miguu wawili wawili, na wanunuzi waliotoka mbali na malori.

Webuye watu wa rika langu tunaikumbuka kwa pua. Kiwanda cha karatasi cha Panpaper kilikuwa kikitoa harufu ya mayai viza iliyokupokea kabla hujauona mji. Kilisimama mwaka 2009, na harufu ikaondoka pamoja na ajira za maelfu. Nilipopita baadaye mzee mmoja aliniambia anaikosa ile harufu. Mto Nzoia, uliokuwa ukikinywesha kiwanda hicho, bado unaanguka juu ya miamba ya Nabuyole, maporomoko yaliyoandikwa zamani kwenye ramani kama Broderick Falls, jina walilolipa hata mji wenyewe. Si maporomoko marefu. Ni mapana, yenye kelele, na maji yake ni ya rangi ya chai ya maziwa nyakati za mvua. Wavulana wa hapo wataruka kutoka kwenye mwamba ukiwa unatazama. Usiwafuate.

Juu ya mji kuna vilima vya Chetambe, na hapa naomba msomaji avae viatu vizuri. Zamani Wabukusu na Watachoni walijenga vijiji vyenye kuta za udongo na mahandaki kuvizunguka. Mwaka 1895 Waingereza wakiongozwa na Charles Hobley walifika kudai bunduki zilizokuwa mikononi mwa Wabukusu, na walipokataliwa wakaja na askari wa Kisudani na washirika wa Kiwanga, Kiganda na Kimaasai. Ngome ya Lumboka ikaanguka. Waliosalia wakajihami Chetambe. Walikuwa na mikuki, mishale na bunduki chache. Waliokuja walikuwa na bunduki ya rashasha ya Maxim. Leo ukifika juu utaona mtaro uliojaa nyasi na mwinuko wa ardhi ulioliwa na mvua, na mbuzi wamefungwa hapo. Bila mwenyeji wa kukueleza utapita usijue umekanyaga nini. Tafuta mzee. Mwamkie, ketini, muulize kwanza habari za mifugo na mvua. Vita vitakuja vyenyewe.

Elijah Masinde alipajua umuhimu wa mahali hapa. Mtu wa Maeni, karibu na Kimilili, mchezaji mpira hodari wa ujana wake, mwanzilishi wa Dini ya Msambwa, alikuwa amepinga kuandikishwa kwa nguvu wakati wa vita vya pili vya dunia, na wakoloni wakamtia katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari. Alipotoka, mwaka 1947, aliwaongoza maelfu ya wafuasi kupanda Chetambe, wakachinja na kuwakumbuka waliouawa. Februari 1948 polisi walifyatua risasi kwa umati wa waumini wa dini hiyo huko Malakisi na kuua watu 11. Masinde akapelekwa uhamishoni Lamu. Baada ya uhuru aligombana na serikali mpya vilevile, akafungwa tena, akafariki mwaka 1987. Kwa maoni yangu hakuna kilima katika Kenya ya magharibi chenye haki ya kuwa na jengo la makumbusho kuliko Chetambe.

Bungoma mjini hakuna haja ya kukaa siku nzima. Wengine husema jina lake limetokana na ngoma, wengine na Wabongomek, jamii iliyokuwa hapa kabla. Mimi huamini anayenisimulia kwa wakati huo. Kula. Kuku wa kienyeji aliyechemshwa hadi mchuzi ukawa mzito, ugali wa wimbi, mrenda uliotiwa magadi. Ukipata mpigaji litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, jioni, tia kitu katika bakuli lake.

Lakini kama unaweza kuchagua mwezi, chagua Agosti, na kama unaweza kuchagua mwaka, chagua wa shufwa. Wabukusu hutahiri kila mwaka wa pili, na mwezi huo barabara zote za kaunti hupigwa na milio ya chinyimba, kengele ambazo mvulana huzipiga mikononi akizunguka kwa jamaa kuwaalika. Masimulizi yao husema tohara ilianzishwa na Mango, aliyemvizia nyoka mkubwa pangoni Mwiala na kumkata kichwa. Majirani Wabarwa, waliomstahi kwa ushujaa huo, ndio waliompasha tohara. Usiku wa mwisho kijana hukesha na watu wake. Alfajiri huenda mtoni, hupakwa matope ya baridi mwili mzima, na hurudishwa nyumbani kwa wimbo wa sioyaye, ambamo hata wazee wenye fimbo huongeza mwendo. Nyumbani omukhebi, yaani ngariba, anamngoja, na kijana husimama wima, macho mbele.

Usiende na kamera shingoni. Nenda na mwenyeji, umwamkie mwenye boma kabla ya yote, na ukiulizwa uko upande wa mama au wa baba wa kijana, sema ukweli kwamba u mgeni, utapewa kiti.